Nilivyovuka Ziwa Kumtafuta Tembo wa Shaba

Niliondoka Bunia kwenda kununua pesa kwa pesa. Namwomba msomaji asinicheke kabla sijaeleza, maana hata mimi mwenyewe sikuelewa vizuri nilikokuwa nikienda.

Baba yangu alikuwa mpima dhahabu kwenye machimbo ya Mongbwalu. Hakuwa mnunuzi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mizani ya vikombe viwili: upande mmoja mchimbaji anaweka dhahabu yake, upande wa pili Baba anaweka sarafu ya wakati wa Wabelgiji, ya shaba ya njano, yenye pembe sita na picha ya tembo. Vikombe vikilingana, hiyo ni tembo moja, na mchimbaji analipwa bei ya tembo moja. Wapimaji wengine nao walikuwa na sarafu zao, ila baadhi yao walibandika madini ya risasi kwa chini ili ziwe nzito na dhahabu ya watu ionekane kidogo. Ya Baba haikuwa na kiraka. Ilikuwa imeshikwa na mikono mingi kwa miaka mingi, mpaka yule tembo akabaki mgongo na mkonga tu, na wachimbaji waliijua kama wanavyomjua padri wao.

Vita vilipofika Mongbwalu tulikimbia kwa miguu. Kwenye kizuizi kimoja mpiganaji alimpekua Baba, akaona kitu cha njano, akakiuma, akakitia mfukoni. Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Yule bwana hakuwa amesikia, na siku ile hapakuwa na wa kumfundisha.

Bunia tulipata chumba kimoja, mtaa wa Saio. Kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu mjini ambaye watu wote walimwita Patron. Alimjua Baba kwa sifa. Akamwambia mbele yangu:

"Muzee, kiti ya mizani iko. Lakini bachimbaji ba Mongbwalu banauliza tembo yako tu. Leta tembo ya vile, haina kiraka, utakaa. Kama haiko, mwisho ya mwezi nitakalisha mutu ingine."

Tulimtafuta tembo mji mzima. Mafundi wa shaba walitujibu kwamba sarafu kama hizo waliziyeyusha zamani wakatengeneza pete. Baba akaanza kushinda mlangoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Ilikuwa inaniuma kumwona vile. Ndipo jirani yetu Mama Bernadette, anayevusha vitenge kutoka Uganda, aliponiambia:

"Mwalimu, kule Kampala niliona tembo ya namna ile mu vitrine, mu kabati ya vioo. Kuko mama moja anauzishaka makuta, pesa ya zamani, kwa bazungu."

Miguu ya Baba ilikuwa bado imevimba kwa ule mwendo wa kukimbia. Mimi binti yake nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu ambaye shule yake imefungwa na vita. Tukauza cherehani ya marehemu mama. Ilipobebwa kutoka mlangoni nililia bila aibu, kisha nikafunga kibunda changu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori la kwenda Kasenyi, bandari ya ziwani, mimi na Mama Bernadette, juu ya magunia matupu. Barabara ile ilikuwa na vizuizi ambavyo sikuweza kuvielewa. Kizuizi cha kwanza waliuliza mbona tunatoka Bunia. Cha pili waliuliza mbona hatukubaki Bunia. Kila mahali Mama Bernadette alikuwa na jibu tofauti na jina tofauti la mtu anayetutuma, na kila mahali walimwamini. Nilipomuuliza hao ni akina nani na wale wa nyuma ni akina nani, alinibana mkono. "Weye nyamaza. Ukijua, utasema. Kama hauko unajua, iko muzuri."

Basi sikujua, na naona hilo lilinisaidia. Barabara ilianza kuteremka milima, joto likapanda, na ziwa likaonekana chini, limetanda jeupe.

Kasenyi tulifika mchana. Kulikuwa na harufu ya samaki wa kukaushwa na wanawake wengi waliokaa juu ya mizigo yao. Mtumbwi wa injini uliondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Mimi sijui kuogelea. Katikati ya ziwa upepo uliamka, maji yakaingia, tukapewa mabakuli ya kuyatoa. Nilichota maji huku nasali, na nikajiuliza kwa nini mtu avuke maji mengi namna hii kutafuta pesa isiyoweza kununua hata ndizi moja.

Ntoroko, ng'ambo ya pili, afisa wa mpaka alinitazama kibunda na viatu.

"Wewe unakuja Uganda kufanya nini?"

"Kununua pesa," nikasema.

"Kubadilisha pesa?"

"Hapana. Kununua. Pesa moja."

"Pesa gani?"

"Ya zamani. Haitumiki tena."

Akaweka kalamu chini. "Unatoa pesa inayotumika, unachukua isiyotumika?"

"Ndiyo, afande."

Akamgeukia Mama Bernadette kumuuliza kama nina akili timamu. Mama Bernadette akasikitika na kuonyesha kichwa chake kwa kidole, kwamba mimi ni mgonjwa wa vita. Afisa akanionea huruma, akagonga muhuri haraka. Nilikasirika njia nzima hadi Fort Portal, ila nakiri kwamba tulivuka bila kutoa hata senti.

Kampala tulifika jioni ya siku ya pili kwa basi. Tulilala kwa mwanamke anayemuuzia Mama Bernadette vitenge, na asubuhi akanipeleka dukani. Lilikuwa chumba chembamba kati ya muuza saa na muuza dawa. Ndani alikaa mama wa makamo aliyejifunga ushungi, Bi Zuhura, mtu wa Mombasa, mjane wa mwenye duka. Mbele yake palikuwa na bahasha za kupeleka Ulaya, na ndani ya kila bahasha sarafu moja moja imefungwa kwenye karatasi laini kama dawa.

"Karibu, mwanangu. Keti. Watafuta nini?"

Nikamweleza. Akatoa kisahani chenye kitambaa, juu yake tembo wa pembe sita. Alikuwa mzima: masikio, pembe, mikunjo ya miguu, hata nyasi chini yake. Sikuwahi kujua kama kulikuwa na nyasi. Nikanyoosha mkono.

"La! La! Usimguse uso," akasema Bi Zuhura. "Mshike ukingoni. Jasho la kidole humharibu. Huyu hajapata kutumika. Tangu atengenezwe alikuwa amelala kwenye mfuko wa benki."

Akanitajia bei. Ilikuwa karibu cherehani nzima. Nikamuuliza kwa nini sarafu ambayo haikufanya kazi hata siku moja iwe ghali kuliko iliyofanya kazi maisha yake yote. Kwetu mfanyakazi mvivu halipwi zaidi.

Akacheka. "Hawa wateja wangu hununua sura, mwanangu. Yupo mmoja huko Ubelgiji, kila mwezi aniandikia barua. Akiona mkwaruzo, arudisha. Na wewe je, wamtaka wa kuweka au wa kuuza tena?"

"Wa kufanya kazi."

"Sarafu iliyokufa yafanya kazi gani?"

Nikamweleza habari ya mizani na wachimbaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama chini ya meza, akatoa bakuli la bati limejaa sarafu chakavu, akachambua, akaweka mbele yangu tembo watatu waliolika, wamebaki migongo.

"Kama ni kazi, chukua hawa. Hawa ni wa kutengenezea herini. Nitakupa kwa bei ya chai."

Msomaji, hapa ndipo nilipokosea, na ninataka ujue kwa nini. Sisi watu wa Bunia tumezoea kuuziwa vilivyochakaa. Nguo zetu ni za marehemu wa Ulaya, baiskeli zetu ni za mtu mwingine, hata vitabu nilivyofundishia vilikuwa na majina ya watoto wa nchi nyingine kwenye jalada. Nilimtazama mama huyu na bakuli lake nikaona ananipima kwa viatu vyangu. Nikajiambia: la, safari hii Baba yangu atapata kizima.

"Rahisi ni ghali, Bi Zuhura," nikasema kwa kiburi cha mwalimu. "Nipe yule mzuri."

Mama Bernadette alinikanyaga mguu. Bi Zuhura akawarudisha wale watatu ndani ya bakuli. Akamfunga tembo kwenye karatasi laini, akaniombea safari njema.

Tulipanda basi la kurudi siku iliyofuata. Njiani nilimfungua tembo mara nyingi mno kumtazama, nikimshika ukingoni kama nilivyofundishwa. Tulipofika Ntoroko Mama Bernadette alichoka.

"Weye unapenda batuue? Ile inawaka sana. Bale ba barrière, ba bizuizi, bataona dhahabu."

Akaninyang'anya. Akakwangua masizi chini ya sufuria ya muuza uji, akayachanganya na mafuta ya mawese, akampaka tembo pande zote mbili kwa kidole gumba, usoni kabisa. Nilipiga kelele. Nilimkumbuka yule bwana wa Ubelgiji. Mama Bernadette hakunijali. Alimtupa ndani ya sufuria yake ya njiani pamoja na kijiko.

Tukavuka ziwa likiwa limetulia. Kwenye kizuizi cha kupanda milima mpiganaji alimwaga vitu vyetu vyote chini, akamwokota tembo mweusi.

"Hii nini?"

"Ya kukwangulia sufuria," akajibu Mama Bernadette. "Ona pembe yake. Inaingia mu kona muzuri."

Mpiganaji akamtupa. Nilimwokota tembo kwenye vumbi, nikamrudisha ndani ya sufuria, nikapanda lori.

Saio tulifika saa tisa mchana. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Alimwosha tembo kwa majivu na ndimu, polepole, na rangi ya njano ilipotokea nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mongbwalu. "Iko na nyasi," akasema. Hata yeye hakuwahi kuziona. Nilijisikia nimefanya jambo kubwa.

Kisha akaleta mizani na kibiriti. Kule Mongbwalu, kila Jumatatu, Baba alikuwa akimpima tembo wake kwa vijiti vya kibiriti vikavu ili ahakikishe hakuna aliyemchezea. Wachimbaji hawaviamini vijiti, maana hunywa unyevu. Hiyo ilikuwa siri yake mwenyewe. Tembo wa zamani alikuwa vijiti hamsini na sita sikuzote. Akaanza kuvipanga kikombeni. Hamsini na sita, tembo hakusogea. Akaongeza kimoja. Akaongeza kingine. Kwenye hamsini na nane vikombe vikalingana.

"Iko muzito," Baba akasema.

"Lakini, Baba, ni sarafu ile ile! Pembe ni zile zile!"

"Ya kwangu batu balikula bijiti mbili. Kwa mikono. Miaka mingi." Akamgeuza tembo huku na huku. "Huyu hakuna mutu alimukula."

Nikaelewa bakuli la Bi Zuhura, na nikatamani ardhi inimeze. Kumkata kwa tupa haikuwezekana: sarafu yenye alama ya tupa ni sarafu ya mwizi, kila mchimbaji anajua. Ukiwa na uzito wa haki, sura inakushtaki. Ukiwa na sura safi, uzito unaiba.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwa Patron. Wachimbaji kama kumi walikuwa wanasubiri barazani. Patron alimpokea tembo, akamwinua kwenye mwanga, akafurahi.

"Original! Muzee, kaa."

"Patron, huyu iko muzito kuliko yangu. Bijiti mbili."

Patron akasogea karibu, akashusha sauti. "Nani anajua ile?"

"Mimi."

"Basi kaa, pima, nyamaza."

Nilimtazama Baba. Nitasema ukweli: moyoni nilikuwa namwomba anyamaze. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na cherehani ilikuwa imekwisha kwenda. Mchimbaji wa kwanza akamimina dhahabu yake. Baba akaweka tembo upande wake. Kisha akatoa vijiti viwili mfukoni, akaviweka upande wa mchimbaji, juu ya dhahabu.

Mchimbaji akaruka. "Muzee, unaweka nini juu ya dhahabu yangu?"

"Iko ya kukusaidia. Tembo huyu anakuibia kidogo. Bijiti hii inakurudishia."

"Kunisaidia?" Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Ananisaidia!"

Wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Watu wale walikuwa wameibiwa kwa namna zote, ila hawakuwahi kuona mpimaji akiweka kitu upande wao, kwa hiyo waliona huo ndio wizi mpya. Mchimbaji akakusanya dhahabu yake akaondoka. Patron hakupiga kelele. Alimrudishia Baba tembo mkononi, akamwambia arudi nyumbani apumzike.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Baba, vijiti viwili tu!"

"Na mimi sijue tena, binti yangu. Labda kibiriti ya hapa haiko sawa na ya kule. Labda tembo huyu iko muzuri na mimi njo nimezeeka." Hilo liliniumiza kuliko kufukuzwa. Maisha yake yote hakuwahi kusema hajui uzito wa kitu.

Kesho yake asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa mchimbaji wa makamo, kofia mkononi, akasema jina lake ni Pascal na kwamba alikuwa barazani kwa Patron.

"Jana nilikuona, Muzee. Mu Bunia muzima sijaonaka mutu anaweka kitu upande yetu." Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. "Mi sikuje kuuzisha. Nakuja kujua tu."

Baba akamwambia akae, aeleze. Pascal akaeleza akitazama sakafu. Wiki moja kabla ya kukimbia Mongbwalu, Baba mwenyewe alimpimia dhahabu hii: tembo tatu kamili. Wakati wa kukimbia mke wake aliishonea kwenye pindo la kitenge, akaibeba siku zote za porini, na mtoto mgongoni. Walipofika Bunia wanunuzi watano waliipima, na kwa wote haikufika tatu.

"Nilimwambia bibi: ingine uliuzisha wapi? Alilia, akasema hakugusa. Sikumwamini. Sasa bibi iko kwa dada yake, mu mtaa ya Lumumba, na batoto. Mwezi ya pili hii."

Baba akachukua kile kitambaa, akakifungua. Akatundika mizani. Kwanza alipima kwa tembo peke yake, bila vijiti. Moja ikatoka. Mbili ikatoka. Ya tatu, dhahabu yote iliyobaki ikiwa kikombeni, tembo alibaki chini. Haikufika. Pascal akafumba macho.

Nami nilikuwa nimesimama pale, na nikaelewa jambo moja, labda pekee nililolielewa katika safari yote. Tembo wangu mzuri, niliyemvusha ziwa kwa kiburi, angekuwa mnunuzi wa sita kumwita yule mama mwizi. Na jana moyoni nilikuwa nimemwomba Baba anyamaze.

Baba akaikusanya tena ile dhahabu. Akachukua vijiti viwili. Akaanza upya, kila mara akiviweka juu ya dhahabu. Moja. Mbili. Ya tatu akaimimina mpaka punje ya mwisho, akapangusa kitambaa kwa ukucha, akaweka vijiti, akaachilia. Vikombe vilipanda, vikashuka, vikapanda, vikasimama sawa.

"Tatu," Baba akasema.

"Rudilia," Pascal akasema.

Akarudia. Tatu. Akarudia tena. Tatu.

Pascal akasimama. Aliitafuta kofia yake aliyokuwa ameishika. "Njo kusema bibi hakuiba," akasema, si kwetu. Kisha akatoka mlangoni, kwanza anatembea, halafu anakimbia, anashika njia ya Lumumba.

"Pascal!" Baba akaita. "Pascal, dhahabu yako!"

"Chunga kwanza, Muzee!" akajibu bila kugeuka.

Baba akabaki ameshika mizani kwa mikono miwili, dhahabu ya mtu imo kikombeni, na machozi yanamtoka. Nikaenda kufunga mlango ili upepo usiingie.